Hazina, Mito na Mienendo: Sitiari kama Nyenzo ya Kufikiri katika Tiba ya Jadi ya Kichina

Mgonjwa anayelalamikia maumivu ya kiuno, uchovu na uvumi wa masikio anapokwenda kwa tabibu wa Kichina huenda akaambiwa kwamba ana shenxu. Shen ni figo, na xu ni hali ya kuwa tupu au ya kupungukiwa. Mkalimani akiifasiri kauli hiyo kuwa "figo zako ni dhaifu" hatakuwa amesema uongo, lakini mgonjwa atasikia habari ya ugonjwa mwingine kabisa, ule unaopimwa kwa damu na mkojo na ambao mwisho wake huweza kuwa mashine ya kusafishia damu. Neno ni lile lile, figo sizo. Swali linalozuka ni la kiisimu kabla ya kuwa la kitabibu: hizo figo za tabibu wa Kichina ni kitu gani, na lugha huzibebaje?

Jibu la haraka, ambalo hutolewa na watetezi wa tiba hiyo na wapinzani wake vile vile, ni kwamba hiyo ni "sitiari tu". Kwa mpinzani, maana yake ni kwamba nadharia nzima ni ushairi uliojivika joho la elimu. Kwa mtetezi, maana yake ni kwamba nyuma ya picha hizo kuna ukweli wa kibiolojia, na kwamba msomi akiuvua ushairi ataukuta ukweli huo uchi. Wote wawili wanashirikiana katika dhana moja potofu, yaani kwamba sitiari ni vazi. Tangu George Lakoff na Mark Johnson walipochapisha Metaphors We Live By mwaka 1980, isimu tambuzi imekuwa ikisisitiza kwamba binadamu hutumia mambo ya uwanja mmoja wa maisha ili kuufahamu uwanja mwingine, na kwamba kazi hiyo hufanywa na fikra kabla haijafanywa na ulimi. Makala haya yanashikilia kwamba nadharia ya tiba ya Kichina ni ushahidi mzito wa dai hilo, kwa kuwa ukiiondolea sitiari zake hakibaki kitu cha kufasiri. Yanashikilia pia, na hapa watetezi wengi hawatapendezwa, kwamba kuitambua nyenzo ya kufikiria si kuithibitisha dawa.

Matini ya msingi ni Huangdi Neijing, mkusanyiko ambao wanazuoni wengi huziweka sehemu zake kongwe katika zama za utawala wa Han. Una vitabu viwili, Suwen na Lingshu, na kila kimoja kina sura 81. Sura ya 8 ya Suwen inaupanga mwili kama serikali. Moyo ni mtawala. Mapafu ni waziri anayemsaidia. Ini ni jemadari ambaye mipango hutoka kwake, na mfuko wa nyongo ni afisa mwadilifu ambaye maamuzi hutoka kwake. Wengu na tumbo wamepewa ghala za nafaka, utumbo mpana umepewa uchukuzi, na kibofu ni mkuu wa jimbo anayetunza maji. Mtawala akiwa na busara walio chini yake hutulia. Akipotewa na busara, njia huziba na mwili hudhurika.

Msomaji anaweza kuiona orodha hiyo kuwa ni mapambo ya waandishi wa ikulu. Lakini tazama inavyofanya kazi. Jemadari ni mtu wa mipango na pia mtu wa ghadhabu. Basi ini linahusishwa na hasira, na tabibu anayekutana na mgonjwa mwenye hasira za mara kwa mara, macho mekundu na maumivu ya ubavuni, huanza na ini. Kwa kuwa ghala za nafaka huporwa pale jemadari anapoasi, mtu mwenye ghadhabu hutarajiwa kukosa hamu ya chakula. Nan Jing, matini ya baadaye kidogo, katika swali lake la 77 inamtaka tabibu aliyeona ugonjwa wa ini ajue kwamba utahamia kwenye wengu, na auimarishe wengu kabla haujafikiwa. Sababu inayotolewa humo ni ya miti na udongo wala si ya jemadari na ghala, lakini natija ni moja. Sitiari imezaa utabiri, na utabiri umezaa tiba. Pambo halifanyi hivyo.

Maandishi yenyewe ya Kichina yanaitoa siri. Viungo vya ndani vimegawanywa katika makundi mawili, zang na fu. Herufi ya zang imejengwa juu ya neno lenye maana ya kuweka akiba. Fu lilikuwa ghala la hazina au la nyaraka za serikali, kisha likawa jumba la utawala. Alama ya "nyama" iliongezwa ubavuni mwa herufi hizo baadaye, ili kuonyesha kwamba hapa linazungumzwa jambo la mwili. Kwa maneno mengine, Wachina waliandika serikali kwanza, nyama ikafuata.

Mito inaeleza zaidi kuliko serikali. Sura ya 12 ya Lingshu inaioanisha mishipa 12 ya mwili na maji 12 ya nchi: mshipa wa mapafu unaoanishwa na Huang He, na ule wa utumbo mpana unaoanishwa na Yangtze. Kwenye viungo vya mikono na miguu, vituo vya kuchomea sindano hupangwa kwa majina ya kisima, chemchemi, kijito, mto na bahari, kuanzia ncha za vidole hadi kwenye kiwiko au goti. Kituo kilicho chini ya wayo huitwa Yongquan, chemchemi inayobubujika. Kile cha penye kiwiko ni Quchi, bwawa la penye pindo. Mtu aliyejifunza ramani hiyo hafikirii mstari uliochorwa juu ya ngozi. Anafikiria maji yanayotoka, yanayokusanyika, yanayofurika na yanayokauka. Na kila moja ya hali hizo ni ugonjwa wenye tiba yake. Kitenzi zhi, ambacho huandikwa kwa alama ya maji, hutumika kwa kutawala nchi, kwa kudhibiti mafuriko na kwa kutibu ugonjwa. Hekaya maarufu ya Yu inasimulia kwamba baba yake alijaribu kuyazuia mafuriko kwa kingo akashindwa, na yeye akafaulu kwa kuchimba mifereji ili maji yapate njia. Matabibu wa Kichina ni watoto wa Yu: maumivu kwao ni dalili ya kitu kilichozibwa, na dawa ni kuzibua. Hata sauti imewasaidia, kwani neno lenye maana ya kupenya bila kizuizi na neno lenye maana ya maumivu, yote mawili ni tong, na hutofautiana kwa toni tu.

Je, ni uchunguzi wa mwili ulioleta mito, au mito iliyoleta uchunguzi? Kaburi la tatu la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 K.K. na kufukuliwa mwaka 1973, lilikuwa na maandishi ya tiba yanayoorodhesha mishipa 11, na mishipa hiyo haijaunganishwa kuwa mzunguko mmoja. Katika Lingshu imekuwa 12, idadi ya miezi na ya mito iliyotajwa, na imeunganishwa ikawa duara lisilokatika. Ni vigumu kuamini kwamba ni mwili peke yake uliodai mshipa wa 12. Paul Unschuld, katika Medicine in China: A History of Ideas ya mwaka 1985, aliihusisha fikra ya mzunguko na hali ya dola lililounganishwa na Qin mwaka 221 K.K., dola lililoishi kwa mifereji, barabara na ghala za nafaka zilizotegemeana. Hoja yake imepingwa katika vipengele kadhaa, lakini kiini chake bado ni maelezo bora kuliko yale yanayodhani kwamba watu waliziona njia hizo kwa macho ya ndani.

Hapa ndipo nadharia ya Lakoff na Johnson inapohitaji kubanwa. Katika mafundisho yao, na hasa katika Philosophy in the Flesh ya mwaka 1999, mwili ndio uwanja chanzi mkuu: tunaujua mwili kwa karibu, kwa hiyo tunautumia kuyafahamu yaliyo mbali. Katika Neijing mambo yamepinduka. Mwili ndio fumbo, ndio uwanja lengwa. Kinachojulikana ni ghala, mfereji na mtawala. Anaweza kusema mtu kwamba kuchimba mfereji nako ni tajiriba ya mwili. Ni kweli, lakini jibu hilo likikubaliwa kila kitu kitakuwa tajiriba ya mwili na dai litakosa makali. Afadhali kukiri kwamba jamii yenye historia ndefu ya umwagiliaji na utumishi wa serikali inaweza kuuelewa mwili kupitia taasisi zake.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa G. E. R. Lloyd. Katika Demystifying Mentalities ya mwaka 1990 alionyesha kwamba mgawanyo wa kauli halisi na kauli ya sitiari una historia, na historia hiyo ni ya Kigiriki. Aristotle alimkemea Empedokles kwa kuiita bahari jasho la dunia, akisema kwamba hayo yanafaa kwa ushairi lakini si kwa elimu ya maumbile. Ilikuwa silaha ya mabishano. Wachina wa kale hawakuihitaji. Walikuwa na istilahi ya aina nyingine ambayo bado hutumiwa na watetezi wa tiba hiyo, quxiang bilei, yaani kuichukua sura ya kitu na kulinganisha jamii za vitu. Anayeoanisha ini na miti kwa njia hiyo hasemi kwamba ini ni kama mti. Anasema kwamba ini na mti ni wa jamii moja ya mwendo. Basi, je, mwanaisimu anayeiita hiyo "sitiari" hawatwishi Wachina mgogoro wa Wagiriki? Anawatwisha kwa kiasi fulani, na ni vema ajue kwamba anafanya hivyo. Lakini istilahi ya mchunguzi si lazima iwe ya mchunguzwa. Wazungumzaji wa Kiswahili waliunda ngeli za nomino bila kuziita ngeli.

Kielelezo kizuri ni wuxing, yale matano ya miti, moto, udongo, metali na maji. Wafasiri wa Ulaya walipoyaita "elementi" waliivuta nadharia ya Kigiriki ya elementi nne, wakayafanya kuwa malighafi ya ulimwengu. Lakini xing ni kutembea, kwenda. Manfred Porkert alilikataa neno "elementi" mwaka 1974, na wengi baada yake wamechagua maneno yenye maana ya hatua au awamu. Kiswahili kina bahati hapa. Neno "mwenendo" limetokana na -enda, kama xing linavyobeba maana ya kwenda, na lina maana ya namna kitu kinavyokwenda na pia ya tabia njema au mbaya ya mtu. Mambo hayo mawili yamo katika neno la Kichina pia: miongoni mwa maandishi ya mianzi yaliyofukuliwa Guodian mwaka 1993 kuna matini iitwayo Wuxing, nayo inahusu maadili matano na haizungumzi habari za miti wala metali. "Mienendo mitano" kwa hiyo inakaribia asili kuliko istilahi nyingi za Ulaya, na mfasiri wa Kiswahili atakayeandika "elementi tano" kwa sababu ameikuta katika kitabu cha Kiingereza atakuwa ametupa alichonacho mkononi.

Sitiari hizi hazikubaki vitabuni. Mchina wa leo akikasirika husema shengqi, yaani chi imezuka. Na Ning Yu alionyesha mwaka 1995 kwamba pale Kiingereza kinapoifikiria hasira kama umajimaji unaochemka chomboni, Kichina huifikiria kama gesi iliyobanwa. (Mswahili ambaye hasira zimempanda, au aliyefura, yuko karibu na yupi kati yao? Swali hilo lingemfaa mwanafunzi wa uzamili kuliko mada nyingi zinazorudiwarudiwa.) Mtu jasiri kwa Kichina ana nyongo kubwa na mwoga ana nyongo ndogo, maana yule afisa wa maamuzi hajastaafu. Kiharusi huitwa zhongfeng, kupigwa na upepo, hata na daktari wa hospitali ambaye haamini kwamba upepo huingia mwilini. Wazungumzaji wa Kiswahili wasicheke. Wanaposema "baridi yabisi" kwa maumivu ya viungo, wanaitaja baridi pamoja na ukavu, sifa mbili za nadharia ya ukavu, unyevu, joto na baridi iliyowafikia kwa Kiarabu, na wengi hawajui kwamba yabisi ni kavu. Suwen, katika sura yake ya 43, inayaeleza maumivu ya namna hiyo kwa upepo, baridi na unyevu vikikutana. Nadharia mbili zimekubaliana juu ya baridi, zikakosana kuhusu maji.

Je, nadharia yenye uwezo mkubwa hivi wa kueleza inaweza kukanushwa? Hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Wengu usipougua baada ya ini, tabibu atasema ulikuwa na nguvu. Ukiugua, atasema alitabiri. Wachina wenyewe waliliona tatizo hili mapema kuliko wanaisimu. Wang Qingren alikwenda kuangalia maiti za watoto waliokufa kwa tauni na waliozikwa ovyo, akachapisha mwaka 1830 kitabu cha kuyasahihisha makosa ya wazee kuhusu viungo. Mwaka 1917 Yu Yunxiu, aliyesomea udaktari Japani, aliishambulia Neijing moja kwa moja kwamba viungo vyake havipo. Yun Tieqiao alimjibu mwaka 1922 kwa hoja ambayo mwanaisimu tambuzi angejivunia: viungo vitano vya Neijing si vya nyama na damu, ni vya majira ya mwaka. Ilikuwa hoja ya werevu mkubwa, na iliiokoa nadharia. Iliiokoa, hata hivyo, kwa kuiondoa mahali ambapo kisu cha mchunguzi kingeifikia, na bei ya uokozi huo haisemwi mara nyingi.

Bei hiyo ililipwa Brussels. Mwaka 1993 madaktari wa huko walitoa taarifa ya wanawake walioharibikiwa figo baada ya kutumia vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina. Hatimaye wagonjwa walizidi 100. Jina fangji hutumika kwa mizizi ya mimea zaidi ya mmoja, na badala ya Stephania tetrandra ilikuwa imetumika Aristolochia fangchi, yenye sumu ya figo. Kliniki ile haikuwa ikifuata nadharia ya Kichina, na si haki kuitwisha Neijing mzigo wote. Lakini mimea hiyo miwili ilikuwa chini ya jina moja kwa sababu iliwekwa katika jamii moja ya kazi, na mpangilio wa jamii za kazi haukuwa na nafasi ya kuonyesha kwamba mmoja huua figo zile za nyama. Sitiari humulika, na palipo na mwanga wake pana kivuli chake.

Yote haya yanamrudia mfasiri. Mabishano ya wafasiri wa Kiingereza yanajulikana: Nigel Wiseman alitaka picha za Kichina zihifadhiwe, na Xie Zhufan alipendelea istilahi za hospitali pale zinapopatikana. Fenghuoyan kwa wa kwanza ni jicho la upepo na moto. Kwa wa pili ni uvimbe mkali wa utando wa jicho. Wiseman ana haki. Anayeandika uvimbe wa utando amemnyima msomaji sababu ya tabibu kuchagua dawa ya kufukuza upepo. Shirika la Afya Duniani lilitoa istilahi sanifu mwaka 2007, na katika uainishaji wake wa magonjwa, toleo la 11, lililopitishwa mwaka 2019, sura ya tiba ya jadi imeambatisha alama TM1 kwenye kila istilahi. Alama hiyo ni ungamo: maneno ya viungo peke yake yanadanganya.

Kwa Kiswahili suala hili si la maktaba. Madaktari wa Kichina wamefanya kazi Zanzibar tangu 1964 na Tanzania Bara tangu 1968, na zahanati binafsi za dawa za Kichina zilizagaa Dar es Salaam katika miaka ya 1990. Madhara ya istilahi isiyolingana yanafahamika pia. Tafiti zilizofanywa Bagamoyo katika miaka hiyo hiyo zilionyesha kwamba kinamama wengi hawakuuhesabu ugonjwa wa degedege kuwa ni malaria, na kwa hiyo waliwapeleka watoto kwa waganga kwanza, ilhali hospitali ilidhani inazungumza nao lugha moja.

Baadhi ya maneno yamekwisha kupatikana bila kutafutwa. "Mshipa", ambao kwa Kiswahili ni wa damu, wa fahamu na hata jina la maradhi, una upana ule ule uliowasumbua wafasiri wa Ulaya katika neno mai, na usibadilishwe. Qi haina budi kukopwa kama chi, kwa kuwa pumzi, mvuke, nguvu na roho kila moja huchukua kipande na kukiacha kingine. Ugumu uko kwenye viungo. Waandishi wa Kiingereza huandika figo kwa herufi kubwa ili kuzitenga na zile za hospitali, lakini herufi kubwa haisikiki kwa mkalimani anayezungumza. Zang ni mahali pa akiba, na Kiswahili kina "hazina". Mkalimani akisema kwamba hazina ya figo imepungukiwa, sitiari ya Kichina imevuka salama, upungufu umepata mahali pake pa asili, na mgonjwa hana sababu ya kudhani ameambiwa majibu ya maabara. Na akiwa na shaka ya figo za nyama, atajua kwamba bado hajapimwa.

Kwa fu jambo halijakaa sawa. "Ghala" lingefuata herufi, lakini Suwen yenyewe, katika sura ya 11, inasema kwamba zang huweka bila kumwaga na fu hupitisha bila kuweka, na ghala lisiloweka si ghala. Neno la pwani linalovutia ni "forodha", mahali ambapo mali hushushwa, hukaguliwa na kuendelea na safari. Lina kasoro yake: linaleta bandari na ushuru katika matini ya watu waliokuwa wakifikiria mito na nafaka za bara. Wanaojua Kichina na Kiswahili kwa pamoja, na idadi yao haipungui siku hizi, ndio watakaosema kama kasoro hiyo inavumilika.